Umekificha, hujakiharibu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina duka la vifaa vya umeme hapa Morogoro na nimejitengenezea programu ya stoo kwa lugha ya Python na Tkinter (maktaba yake ya kutengeneza madirisha na vitufe). Nikitafuta bidhaa, mistari ya zamani naipitia yote kwa winfo_children() na kuiondoa kwa grid_forget(), kisha naweka mipya. Orodha ina mistari 35, na kila mmoja una jina, bei, idadi na kitufe cha "Uza". Asubuhi programu inakimbia vizuri. Ikifika saa kumi jioni, nikitafuta taa tu nasubiri mpaka mteja anatoa simu yake na kuanza kuperuzi. Nikiifunga na kuifungua upya inakuwa nzima. Kompyuta ina RAM ya GB 4. Niongeze? (M., Morogoro)

JIBU: Marahaba. Usiongeze RAM, hela hiyo kaagizie swichi.

Shida iko kwenye neno moja. grid_forget() haiui kitu. Inaiambia Tk, injini iliyo chini ya Tkinter, iache kukipangia nafasi kwenye dirisha, basi. Lebo yenyewe ipo, maandishi yake yapo, na kitufe chake bado kinakumbuka kazi uliyokipa. Ni kama wageni uliowatoa sebuleni ukawapeleka chumba cha uani: huwaoni, lakini bado wamo ndani na chakula wanakula.

Sasa piga hesabu. Mistari 35 mara vitu 4 ni wijeti (vipande vya dirisha, kama lebo na vitufe) 140 kwa kila utafutaji. Ukitafuta mara 60 kwa siku, jioni una wijeti 8,400 ndani ya fremu moja (kisanduku kinachozibeba), na unazoziona ni 140. Tena lupu yako, ule mzunguko unaopitia mistari yote, inazidisha balaa, maana winfo_children() inakurudishia watoto wote wa fremu, waliofichwa na walio wazi. Kila unapotafuta unawaficha upya hata wale uliowaficha saa mbili asubuhi. Usiniamini mimi, weka mstari huu mwishoni mwa utafutaji kisha tazama namba inavyopanda:

print(len(fremu.winfo_children()))

Dawa ni kubadilisha neno hilohilo:

for w in fremu.winfo_children():
    w.destroy()

Hapo kitu kinakufa kweli. Na ukiiharibu fremu yenyewe, watoto wake wote wanaondoka nayo, wajukuu pia. Kwa hiyo wengine huweka mistari yote ndani ya fremu moja ndogo, wakitafuta wanaiharibu hiyo moja na kuunda nyingine. Mimi napenda njia hiyo, kwa sababu huhitaji kukumbuka nani alizaliwa wapi.

Ila kwa duka lako nisingefanya hata hivyo. Mistari yako ni 35 leo na 35 kesho. Ya nini kuijenga na kuibomoa kutwa nzima? Iunde mara moja programu inapofunguka, kisha ukitafuta badilisha maandishi tu kwa config(text=...) na kazi ya kitufe kwa config(command=...), na mistari iliyobaki bila bidhaa ndiyo uifiche kwa grid_remove(). Hiyo ni ndugu yake grid_forget(), lakini inakumbuka safu na mstari ilikokuwa, hivyo ukiita grid() bila kuandika chochote inarudi mahali pake. Kumbe kuficha si dhambi. Dhambi ni kuficha halafu kuunda vingine juu yake.

Siku bidhaa zikifika mia tano, hamia Treeview ya ttk, wijeti moja inayoonyesha jedwali zima. Haipokei vitufe ndani ya mistari, lakini muuzaji anachagua mstari na kubofya kitufe kimoja cha "Uza" kilicho chini. Vitufe 35 vya "Uza" vya nini hasa?

SWALI: Nimeunda vitufe kumi kwa lupu, kila kimoja na bidhaa yake, nikaandika command=lambda: uza(b). Maandishi juu ya vitufe yako sawa, lakini nibofye kipi, kinauza plagi, ambayo ndiyo ya mwisho kwenye orodha. (Msomaji wa Tanga)

JIBU: lambda yako, yaani ile funksheni fupi isiyo na jina, haikubeba bidhaa, imebeba jina b. Unapokuja kubofya, lupu imeshaisha na b imeshabaki kuwa plagi. Andika lambda b=b: uza(b), ili kila kitufe kizaliwe na bidhaa yake mkononi. Plagi zako zitapumzika.

SWALI: Nina dirisha dogo (Toplevel) lenye saa inayobadilika kila sekunde. Nikilifunga, kwenye terminali yanamwagika maneno haya: invalid command name ".!toplevel.!label". Sijaandika amri yoyote yenye jina hilo. Imetoka wapi? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Hukuiandika wewe, iliandikwa kwa niaba yako. Tkinter ni mjumbe tu. Anayefanya kazi ni Tk, ambayo John Ousterhout aliitengeneza alipokuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iende pamoja na lugha yake ya Tcl. Huko Tcl kila wijeti ni amri, na jina la amri ni njia ya ukoo: nukta ya kwanza ni dirisha kuu, chini yake toplevel, chini yake lebo. Ukiharibu lebo, amri inafutwa upande wa Tcl, lakini kigeu chako cha Python bado kipo na kinajiona mzima. Ukikiambia config(), mjumbe anakwenda kugonga mlango wa nyumba iliyobomolewa.

Anayegonga hapo ni after(1000, ...) yako. Ulimpa kazi ya kurudi baada ya sekunde moja, ukafunga dirisha, na hakuna aliyemwambia. Kila unapoita after() inakurudishia kitambulisho. Kihifadhi, kisha dirisha linapofungwa ita after_cancel() kwa kitambulisho hicho kabla ya destroy(). Pa kuandikia ni protocol("WM_DELETE_WINDOW", funga), inayoita funksheni yako mtu anapobofya alama ya X. Usisahau kuita destroy() ndani ya funga. Ukisahau, X haitafunga chochote, na mtumiaji ataing'ang'ania mpaka azime kompyuta.

Kuna njia ya pili, ya kupachika funksheni kwenye tukio la <Destroy> kwa bind(), na hii naitaja kwa sababu iliniumbua. Nilimtengenezea mzee mmoja wa duka la dawa programu ya mauzo, nikataka dirisha likifa iandikwe kwenye faili "duka limefungwa" pamoja na saa. Nikapachika tukio hilo kwenye dirisha, nikajaribu, faili likaandikwa, nikaondoka na hela yangu. Kesho yake mzee akanipigia: "Mwanangu, hii mashine inasema jana nimefunga duka mara 23." Dirisha lilikuwa na wijeti 22 ndani yake. Ukiweka bind() kwenye Toplevel, matukio ya watoto nayo yanapita hapohapo, kwa hiyo kila lebo na kila kitufe kilipokufa kilifunga duka kivyake, na dirisha lenyewe likamalizia.

Suluhisho lilikuwa mstari mmoja mwanzoni mwa funksheni: if event.widget is not dirisha: return. Niliuandika pale dukani nimesimama kaunta, mzee akinitazama juu ya miwani. Hakuniuliza umefanya nini. Aliniambia nifunge dirisha, akafungua faili mwenyewe, akahesabu kwa kidole: moja.