Wale wengine thelathini wamekwenda wapi?

Swali la wiki hii lilikuwa: umemaliza chuo na bado unampenda mtu asiyekupenda, je, umkate au mbaki marafiki? Limenigusa, lakini naona limeanzia katikati. Kabla ya kuulizana habari za huyo mmoja, tuulizane wale wengine thelathini uliokuwa nao chuoni wamekwenda wapi.

Chuoni urafiki hautafutwi. Mnakutana kwenye foleni ya chakula, kwenye ngazi za bweni, kwenye kudurusu usiku wa kuamkia mtihani. Mwaka 2018, mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria kwamba mtu mnayejuana tu huwa rafiki wa kawaida baada ya kama saa 50 za kuwa pamoja, na rafiki wa ndani baada ya zaidi ya 200. Bwenini, kwa saa 3 kwa siku, hizo 200 hutimia kwa wiki kumi. Ukishaajiriwa, mkionana saa 2 kwa wiki, ni wiki 100. Basi anayejiunga na kwaya au timu ya mazoezi, akaacha mwezi wa pili kwa kusema watu wale ni wagumu, amehukumu akiwa na saa 16 tu. Chagua jambo moja lenye siku yake na watu walewale, uende miezi sita bila kukosa. Na usiharakishe kuondoka: maongezi hupatikana kwenye kufungua viatu na kusindikizana.

Nilikusudia kuishia hapo: usimkate mtu, jaza saa zako, penzi litapoa lenyewe. Ila kuna kijana mmoja ananirudia kichwani kila nikiandika sentensi hiyo.

Alikuwa na timu, alikuwa na wenzake wa kuzungumza nao. Jumapili jioni alimwandikia yule anayempenda "Umeshindaje?", akafuta. Akaandika "Mambo?", akaona ni baridi mno, akafuta. Akarudia ile ya kwanza, akaongeza jina la mpenzi huyo, akaliondoa, akatuma. Simu akailaza kifudifudi mkekani, akaigeuza, akailaza tena. Alama zikawa za buluu. Kimya. Jumanne usiku likaja jibu: "Nipo, kazi tu," na kauso kanakocheka. Kauso kale alikasoma wiki nzima. Angejibiwa papo hapo kila mara, angezoea. Asingejibiwa kabisa, angekata tamaa. Jibu linalokuja leo na kukosekana kesho ndilo linalomfunga mtu.

Mwanasosholojia Robert Weiss aliandika mwaka 1973 kwamba kuna upweke wa kukosa jamaa na upweke wa kukosa mwandani, na dawa ya mmoja haiponyi mwingine. Kijana yule timu ilimtibu ule wa kwanza tu.

Kwa hiyo nabadili kauli. Mwambie, mara moja, kwa maneno yasiyo na kona: "Nakupenda, na si kirafiki tu. Kama kwako haipo, niambie haipo." Akisema hapana, au "sijui, tuone," chukua yote mawili kuwa hapana. Akufukuzaye hakwambii toka, na mara nyingi si kwa ubaya: anayependwa asipopenda naye huona hatia, hukosa maneno. Kisha muage vizuri, mwambie utanyamaza miezi mitatu, zima taarifa zake kwenye simu, na mazungumzo ya zamani yaondoe mahali unapoyaona kila ukiishika. Kutoweka bila kuaga hukuachia mlango wa kurudi na "samahani, nilikuwa bize," na mnaanza upya.

Mkiwa ofisi moja, haiwezekani hivyo; bakizeni ya kazi tu. Na kama huyo ndiye mtu pekee unayezungumza naye, usimkate wiki hii. Jumapili saa 1 jioni mpigie kwanza rafiki wa chuo aliyenyamaza tangu mahafali, umpigie na Jumapili inayofuata. Akishazoea sauti yako saa hiyo, hapo ndipo ukamuage yule unayempenda.