Skrini ya pikipiki ina ukungu, muuzaji anasema ni kawaida

Wiki hii barua ni tatu na zote zimeangukia dashibodi. Nadhani masika ndo imetufikisha hapa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Kiboriloni, Moshi, nina pikipiki ya safari zile kubwa kubwa, yenye skrini ya rangi sio mishale, niliinunua mpya kwa muuzaji wa Dar na sasa hivi ina miezi kumi na moja. Kazi yangu inanipandisha Marangu karibu kila siku. Tangu mvua zianze inashika ukungu kwa ndani, asubuhi spidi siioni kabisa, nafuta kwa nje kumbe maji yako ndani, jua likipanda unaondoka. Nikasema poa, nitaishi nayo. Sasa wiki mbili hizi imeanza kujizima na kujiwasha yenyewe niko barabarani, mara spidi inasoma sifuri na mimi niko 60. Nimempigia muuzaji kaniambia ukungu ni kawaida ya pikipiki zote. Kuna mgeni nilikutana naye kwenye geti la Marangu ana pikipiki kama yangu, anasema kwao Ujerumani walimbadilishia skrini bure, eti kampuni imeshatoa nyingine iliyorekebishwa. Na fundi wa hapa Mbuyuni anataka elfu hamsini aifungue, aikaushe, aizibe na silikoni. Nifanyeje?
*Msomaji, Kiboriloni*

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote huyo fundi wa Mbuyuni mwambie asubiri, tena mpigie leo leo. Sisemi hajui kazi. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kufungua dashibodi ya mteja, nikaikausha vizuri juani, nikaipaka silikoni kuzunguka pote mpaka nikajisifu, wiki ya pili ikarudi ina matone kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na safari hii hayakuondoka hata jua likiwaka. Nilikuwa nimeyafungia humo ndani. Alafu ile silikoni yenyewe ilikuwa ya bei rahisi, ile inayonuka kama siki, na ule mvuke wake unakula shaba, kwahiyo nyaya za kwenye bodi zikaanza kuota ukijani. Nilimlipa mtu dashibodi nzima, na hiyo hela mpaka leo nikiikumbuka inaniuma.

Kwanini haikusaidia? Kwa sababu dashibodi haitakiwi kuzibwa pote, inatakiwa ipumue. Hewa ya ndani ikipata joto inatanuka inatafuta pa kutokea, ikipoa inanywea inavuta hewa ya nje. Ndo maana watengenezaji wanaweka katundu kwa nyuma kamefunikwa na kautando maalum, kanapitisha hewa na mvuke ila maji hayapiti. Hako kautando kakizibwa na tope, au kama kiwandani hakakukaa sawa, hewa itavutwa kwa njia nyingine, kwenye mpira wa vitufe au kwenye maungio, na itaingia na maji yake.

Na wewe safari zako zenyewe ni za kuitesa. Kutoka usawa wa bahari, Moshi mjini ni chini ya mita 1,000, geti la Marangu ni zaidi ya mita 1,800. Ukipanda, mgandamizo wa hewa unapungua na dashibodi inapumua nje, ukishuka mgandamizo unarudi na inapumua ndani, na hewa inayovuta wakati huo ni ile ya migombani yenye mvua na umande. Yaani kila siku unaipeleka ikavute unyevu. Mtu wa Dar anayezunguka Kariakoo na Mbagala hilo hawezi kuliona, ndo maana namuelewa kidogo huyo muuzaji wako, ila kumuelewa sio kukubaliana naye.

Maana kauli yake ni nusu kweli. Ukungu mwepesi kwenye kona ya kioo, unaoondoka ukitembea dakika kadhaa, hata vitabu vingi vya pikipiki vimeandika ni kawaida na hamna fundi atakubadilishia kitu. Ila ukiona matone yanatiririka, au ukungu unakaa mpaka saa sita mchana, au umeacha alama nyeupe kwenye kioo ukishakauka, hiyo sio kawaida tena. Na skrini inayojizima barabarani haipo kwenye kawaida ya mtu yeyote. Hapo ndo mahali pa kumbana, acha kabisa kubishana naye habari ya ukungu, lalamikia kuzima na spidi ya sifuri, ukungu uutaje kama sababu unayoishuku.

Ila kabla hujambana hakikisha kosa sio la umeme wako, asije akakucheka. Angalia vichwa vya betri vimekaza, angalia waya wa ardhi uliofungwa kwenye chesisi hauna kutu, alafu pikipiki ikiwa sailensa, yaani imesimama injini inaunguruma bila resi, geuza usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Skrini ikizima unapogeuza, kuna waya unaliwa pale kwenye shingo, hiyo ni kazi ndogo. Na tofautisha vitu viwili: skrini nzima ikizima na kuwaka upya, tatizo ni umeme unaoifikia au maji kwenye bodi yake, lakini skrini ikibaki inawaka vizuri na spidi peke yake ikaenda sifuri, anza kuangalia sensa ya gurudumu na waya wake. Wewe inaonekana una yote mawili kwahiyo yaandike mbalimbali.

Sasa hiyo habari ya mgeni. Inawezekana kabisa ni kweli. Kampuni za pikipiki zikigundua kosa zina njia mbili. Moja ni kuita pikipiki zirudi, hiyo ni kwa makosa ya usalama na inatangazwa, kule Marekani kwa mfano kila mtu anaweza kuingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, akaona kama pikipiki yake imeitwa. Njia ya pili ni ya kimyakimya, kampuni inaandika taarifa ya kiufundi kwa mawakala wake kwamba mteja akija na tatizo hili, fanya hivi, na kama bado yuko kwenye garantii usimtoze. Hiyo ya pili haitangazwi kwenye redio, asiyeuliza hapewi. Skrini ya mgeni wako nahisi ilipita huku.

Na marekebisho yenyewe huwa ya aina mbili. Kuna skrini mpya yenye kautando kalikobadilishwa, utaitambua kwa namba ya spea, mara nyingi ni ileile ila herufi au tarakimu za mwisho zimebadilika, kwahiyo wasikuletee iliyokuwa stoo miaka miwili ukaanza upya. Na kuna programu mpya, wanachomeka kompyuta yao wanaipakia, hiyo inatibu skrini inayojizima kwa kosa la programu ila haikaushi maji. Wakikupakia programu peke yake na ukungu bado upo, usisaini kwamba kazi imeisha. Na hiyo programu isipakiwe huku betri imechoka, umeme ukikatika katikati skrini inaweza isiwake tena, fundi anayejua anaunganisha chaja kwanza.

Simu achana nayo, andika barua pepe. Weka namba ya chesisi, iko kwenye shingo ya usukani na kwenye kadi yako, ni herufi na tarakimu 17 na ndani yake hamna I, O wala Q, kwahiyo ukiona kitu kama O ujue ni sifuri. Weka picha ya risiti ya EFD, kilomita za sasa, video mbili tatu za asubuhi zinazoonesha skrini ikizima, huku simu ameshika mwingine sio wewe dereva. Alafu muulize swali moja tu lililonyooka: je kwa namba hii ya chesisi kuna wito au taarifa ya kiufundi kuhusu dashibodi, ndiyo au hapana? Nakala mtumie mtengenezaji mwenyewe, anwani iko kwenye kitabu cha garantii. Muuzaji akiona makao makuu wamo kwenye barua lugha inabadilika, hilo nimeliona kwa macho yangu sio mara moja.

Na fanya haraka kaka, miezi kumi na moja ni mingi. Kama garantii yako ni ya mwaka mmoja, cha kukuokoa ni kwamba malalamiko yameandikwa kabla haijaisha, hata kama spea itafika baada ya miezi mitatu. Ndo maana sitaki ifunguliwe, wakikuta alama ya bisibisi au silikoni umewapa sababu ya kukukatalia. Wakizungusha, kuna Tume ya Ushindani, ile FCC iliyoundwa na sheria ya mwaka 2003, kumlinda mlaji nako ni kazi yao, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inataka kitu ulichouziwa kiwe na ubora unaostahili. Mara nyingi hata hamfiki huko.

Kwa sasa hivi ukifika Marangu egesha kivulini, ukiosha usipige mashine ya presha kwenye dashibodi, na usimwagie maji baridi ikiwa imetoka kuchemka juani maana hapo ndo inavuta vizuri. Hiyo ya kuifukia kwenye mchele sahau, mchele kapikie pilau. Spidi tumia programu ya simu, iweke kwenye kishikio, na taa ya oili ikiwa inaonekana kwenye skrini hiyohiyo, basi oili kagua kila asubuhi kwa mkono.

SWALI: Mambo vipi bro. Mimi bodaboda kijiwe cha Sakina, pikipiki ni ya mkataba. Dashibodi yake nusu mshale nusu dijitali, sasa hizo namba zinapotea vipande, 8 inaonekana kama 3, na balbu ya mbele nimebadilisha mara mbili mwezi huu. Bosi anasema nimeiua kwa kuosha na mashine, anataka nilipe dashibodi mpya juu ya hesabu. Ni haki kweli?
*Chalii wa Sakina*

JIBU: Poa. Hapo kwenye balbu ndo umejijibu. Maji yanaweza kuua dashibodi ila hayaunguzi balbu ya mbele mara mbili kwa mwezi, anayeunguza ni umeme uliozidi. Mtafute fundi mwenye mita, pima kwenye vichwa vya betri. Pikipiki imezimwa isome kama 12.5 hivi, iwashe upige resi kidogo isome kati ya 13.5 na 14.5. Ukiona imepita 15 na inaendelea kupanda, regyuleta imekufa, ni kile kidude cha alminiamu chenye mapezi kinachozuia umeme usizidi, na kila kinachowaka kwenye pikipiki kinakaangwa pole pole, dashibodi ikiwemo. Ukifunga dashibodi mpya bila kubadilisha regyuleta, na hiyo mpya itakwenda. Muite bosi aje asome mita mwenyewe, usimpelekee maneno, mpelekee namba.

Ila na wewe nikuulize, haujawahi kuistua kwa betri ya lori? Vijiweni huo mchezo upo, betri ikilala mtu anaomba msaada kwa fuso, na malori mengi ni volti 24. Kama ulifanya, hapo bosi ana hoja.

Umeme ukiwa sawa basi ni tatizo dogo tu. Kwenye dashibodi nyingi za aina hiyo kioo cha namba kimeunganishwa na bodi kwa kampira kembamba kenye mistari, mtikisiko wa barabara mbovu unakalegeza na vumbi linaingia, vipande vya namba vinapotea. Fundi wa redio na simu anakasafisha kwa spiriti anakabana tena. Yako garantii ilishaisha nadhani, kwahiyo kufungua ruksa, ila bosi akubali kwanza. Ishu ya nani alipe iko kwenye karatasi ya mkataba wenu, kasome pale palipoandikwa matengenezo, na kama pameandikwa mara moja tu "matengenezo madogo dereva" basi kaeni mkubaliane regyuleta ni ndogo au kubwa, mimi hapo naona ni ya mwenye pikipiki.

SWALI: Fundi, nauza pikipiki, niko Usa River. Dashibodi ilibadilishwa na wakala ikaanza sifuri, sasa inasoma 4,000 na ukweli imetembea kama 31,000. Mteja anasema nimerudisha namba nyuma. Nimwambieje?
*Dada wa Usa River*

JIBU: Dada, usimwambie, muoneshe. Kwenye dashibodi nyingi kilomita zinakaa kwenye kumbukumbu ya dashibodi yenyewe, ikibadilishwa zinaondoka nayo. Rudi kwa wakala akupe barua yenye namba ya chesisi, tarehe, kilomita za ile ya zamani na namba ya spea mpya, walitakiwa wakupe siku ileile. Kwenye karatasi ya mauziano andika jumla ya zote mbili na msaini wote. Na mwambie mnunuzi sevisi ahesabu kwa hiyo jumla, kama wakala alikupangia valvu zipimwe zikifika 32,000 basi imebaki elfu moja, sio ishirini na nane.