Masafa ya Televisheni Yakienda kwa Simu: Maswali Yenu

Sehemu ya juu ya masafa ya televisheni imekuwa ikigawiwa simu: kwanza "800" (MHz 790 hadi 862), kisha, pale ilipoamuliwa, "700" (694 hadi 790). Namba zote hapa ni MHz, za mpango wa Ulaya na Afrika, ambako chaneli moja ya UHF (kipande cha masafa ya televisheni, si namba ya rimoti) ina upana wa MHz 8.

Tangu mnara wa simu wa jirani uwashwe, picha inakatikakatika kwenye chaneli zote. Nimeongeza busta (kikuza mawimbi) ya pili, hali imezidi. Nifanyeje?

Ondoa zote mbili kwanza. Busta za zamani zilitengenezwa kupokea 470 hadi 862 MHz. Sehemu ya juu, kuanzia 790, sasa ni ya 4G, na mnara hurusha kati ya 791 na 821. Busta haichagui: inakuza televisheni na mnara kwa pamoja, inalemewa, kisha inachafua hata chaneli za chini zisizohusika. Ukiongeza nguvu, unaongeza uchafu.

Unganisha waya wa antena moja kwa moja kwenye king'amuzi. Kuzima umeme wa busta hakutoshi, kwa sababu nyingi zikizimwa huziba mawimbi. Picha ikitulia, umeshajua mkosaji. Kama mawimbi yako ni dhaifu na busta lazima iwepo, funga filta (kifaa kinachokata masafa yasiyotakiwa) kati ya antena na busta. Ikikaa baada ya busta haisaidii kitu, maana uharibifu umeshafanyika ndani. Anayetazama chaneli ya 60 (782 hadi 790) atafute filta ya ubora: kati yake na mnara ipo MHz moja tu, na filta hafifu itaikata chaneli yenyewe.

Filta niliyofunga wakati wa 4G itafaa simu zikihamia 700?

Haitafaa. Hiyo inakata juu ya 790. Sasa unahitaji inayokata juu ya 694, mwisho wa chaneli ya 48. Tena kuna jambo wauzaji hawalisemi. Kwenye 800, simu ya mkononi hurusha juu kabisa, 832 hadi 862, mbali na televisheni. Kwenye 700 hurusha kuanzia 703, jirani kabisa na chaneli ya 48, na simu hiyo iko nawe sebuleni. Antena ya ndani yenye busta isikae karibu na unapoweka simu.

Chaneli tatu zimetoweka. Zimefungwa?

Huenda zimehamishiwa masafa mengine. Futa orodha yote, sachi upya. Swali hili limejibiwa mara nyingi mno. Sachi king'amuzi kabla ya kutuandikia.

Kwa nini kuipunguzia televisheni masafa wakati simu zina mengine?

Kwa sababu masafa ya chini hufika mbali na hupenya kuta. Kwa umbali uleule na antena za aina moja, 700 hupoteza desibeli 9.5 pungufu ya 2100 (masafa mengine ya simu), yaani hufika na nguvu karibu mara 9. Minara michache hutosha eneo kubwa. Lakini upana ni mdogo: MHz 30 za kushuka (mnara kwenda simu) na 30 za kupanda (simu kwenda mnara), zikigawanywa kwa kampuni zote. Anayekuahidi kasi ya ajabu kwa masafa haya anakudanganya. Thamani yake ni kufika kusikofikika.

Ndiyo maana masharti ya leseni yana uzito kuliko bei ya mnada. Ujerumani mwaka 2010 iliwabana washindi wa mnada wa 800 waanze na maeneo madogo yasiyo na intaneti ya kasi kabla ya kugusa miji mikubwa. Serikali inayotaka fedha tu hupata fedha, na minara hubaki mijini. Kuweni macho na sharti la "asilimia ya wakazi": wakazi wamejazana mijini, kwa hiyo kampuni hutimiza asilimia hiyo bila kukanyaga kijiji. Daini majina ya maeneo, tarehe ya mwisho, na kunyang'anywa masafa kwa atakayeshindwa.

Maikrofoni zetu zisizo na waya zinatumia 720 MHz. Tuendelee nazo?

Pale 700 ilipokwisha kugawiwa simu, hapana. Kwenye 720 simu za waliomo ukumbini hurusha, zitawakatia sauti. Nanyi mtausumbua mnara unaosikiliza hapohapo. Soma kibandiko nyuma ya kipokezi. Kama masafa yake yanaweza kushushwa chini ya 694, shusheni kwenye chaneli isiyotumika kwenu, kwa kibali. Kama yote yako juu ya hapo, badilisheni vifaa, na msinunue vilivyotumika bila kusoma kibandiko hicho.