Usiiamini bluu kwa macho: kwako unayeanza kazi na fikosianini

Fikosianini, ile protini ya bluu itokayo kwenye spirulina (aina ya mwani), ina kipande kidogo chenye rangi kiitwacho fikosianobilini. Protini ikiwa imejikunja sawasawa, hukishika kipande hicho kikae kimenyooka, na hapo bluu huwaka. Ikifumuka, nacho hujipinda, na bluu hufifia ingawa kipande bado kimeungana na protini yake. Kwa hiyo unapopima rangi, unapima umbo la protini.

Kwenye pH (kipimo cha asidi) ya 5.5 hadi 6, fikosianini ya spirulina huvumilia joto la nyuzi 45 hivi. Ukivuka 50 huanza kuharibika kwa kasi, na kwenye 70 ni suala la dakika tu. Usiandike joto bila kutaja pH na muda. Namba moja peke yake haimsaidii atakayerudia kazi yako.

Kosa lililonipotezea muda mwingi lilitokana na asidi. Nilishusha pH hadi karibu 4, nikapima mwanga unaofyonzwa na sampuli kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 620, namba ikapanda. Nikafurahi, nikidhani protini imeimarika. Kumbe sampuli ilikuwa imechafuka kama maji yaliyotiwa tone la maziwa. Kwenye pH hiyo protini hukaribia kukosa chaji, molekuli hazisukumani tena, zinashikamana na kutuama. Vile vichembe hutawanya mwanga, na mashine huhesabu mwanga uliotawanyika kana kwamba umefyonzwa. Tangu hapo napima pia kwenye 750, mahali ambapo fikosianini haifyonzi. Namba ikiwa juu pale, ni uchafukaji. Zungusha sampuli kwenye sentrifuji, pima maji ya juu, kisha yeyusha mashapo kwenye bafa, yaani kimiminika kinachoshikilia pH, ya pH 7. Bluu inayorudi haikuwa imeharibika, ilikuwa imetuama tu. Iliyofumuliwa na joto kwa kawaida hairudi, na ndiyo maana hasara hizi mbili hazifai kuandikwa kwa jina moja.

Angalia na bafa yako. Trisi, aina moja ya bafa, hushuka karibu 0.03 ya pH kwa kila nyuzi inayopanda: ukiitengeneza iwe 8 kwenye nyuzi 25, kwenye 60 inakaribia 7, nawe utalisingizia joto kwa kazi ya pH. Bafa ya fosfeti hutulia zaidi. Pasha bafa kwanza, ndipo utie protini. Muda ukiisha, mrija uingie kwenye barafu papo hapo.

Na kabla ya kuamini namba yoyote, ingia chumba chenye giza, umulike kyuveti, kile kichupa cha kupimia, kwa tochi kutoka ubavuni. Fikosianini nzima hutoa mng'ao mwekundu unaoonekana waziwazi ndani ya ile bluu. Iliyofumuka hubaki na bluu hafifu, isiyo na wekundu.