Shangazi, mshahara umepanda, usingizi umeniruka

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, nimeolewa na tuna watoto 2. Ndani ya miaka 3 nimepandishwa cheo mara 2. Tulihamia nyumba kubwa zaidi, nikachukua gari kwa mkopo, watoto tukawabadilishia shule. Mwezi uliopita, tarehe 23, nilimwomba mdogo wangu hela ya kumalizia mwezi. Yeye halipwi hata nusu yangu. Alinitumia bila kuuliza kitu, nikajifungia bafuni nikalia. Mume wangu ananiita mbadhirifu. Zamani nilipolipwa kidogo nilikuwa nalala. Siku hizi nashtuka saa nane usiku nikiwaza: wakinipunguza kazini itakuwaje? Nimekuambatishia hesabu zangu zote. Nimekosea wapi?
Niliyepanda Cheo

Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa kunifungulia daftari lako, maana wengi huniandikia wakilalamika kuhusu fedha na hawathubutu kutaja hata tarakimu moja. Zako sitazianika. Mshahara wako wa zamani, ule uliofika mkononi baada ya makato, nimeufanya kuwa mafungu 100, na mengine yote nimeyapima humo.

Wakati ule ulipata 100, ukatumia 85, ukaweka 15. Akiba yako ilikuwa mafungu 255. Leo unapata 180 na unatumia 180, na akiba imebaki 90.

Usalama wa mtu mimi naupima kwa siku. Mshahara ukikatika leo, atakaa siku ngapi kabla ya kuanza kupiga simu za kuomba? Zamani akiba yako ingekubeba miezi 3 kamili, siku 90. Leo, kwa matumizi ya sasa, itakubeba siku 15. Umepanda vyeo viwili na siku zako zimeshuka kutoka 90 hadi 15. Kwa hiyo hofu ya saa nane usiku si ya bure, wala usiipuuze. Akili yako imepiga hesabu hii kabla hujaishika kalamu.

Siku hizo zimekukimbia kwa njia mbili kwa pamoja. Akiba imepungua, hilo unaliona. Lakini pia kila siku moja ya maisha yako imekuwa ghali zaidi, na hili ndilo linalowaponyoka watu. Hata kama zile 255 zisingeguswa, leo zingekutosha kwa mwezi mmoja na nusu hivi.

Sasa neno la mume wako. Silikubali, na naomba asome aya hii. Katika daftari lote sijaona anasa ya kukufanya uitwe mbadhirifu. Tuseme bei zimepanda kwa asilimia 8 kila mwaka kwa miaka hiyo 3. Kilichonunuliwa kwa 100 sasa kinataka karibu 126, na maisha yale yale ya mafungu 85 sasa yanataka 107. Hiyo ni gharama ya kubaki pale pale, hukuichagua. Ulichokichagua ni mafungu 73 yaliyobaki, na nimeyafuatilia yalikokwenda: nyumba 25, marejesho ya gari 28, shule 10, na 10 nyingine zinakwenda kwa mama na ndugu.

Tazama vizuri aina ya vitu hivyo. Hakuna hata kimoja unachoweza kukiacha mwezi ujao kimya kimya. Mtu akinunua nguo kwa ongezeko lake, akikwama ataacha kununua nguo. Wewe ongezeko lako umelifunga kwa ahadi: mkataba wa nyumba, mkopo wa miaka 5, ada, na mama anayesubiri kila mwisho wa mwezi. Kosa ulilouliza liko hapa, na ni kosa la watu makini, wale wanaojenga maisha. Na benki ilikusaidia kulifanya, maana mkopeshaji anaangalia hati ya mshahara ya leo na kukata marejesho kwa kipimo hicho. Haangalii cheo kitadumu miaka mingapi.

Hili nimelipitia. Nilipopandishwa mara ya kwanza nilikopa samani za nyumba nzima. Miezi michache baadaye kitengo chetu kilivunjwa, nikarudishwa kwenye nafasi ya zamani, posho ya madaraka ikaondoka siku hiyo hiyo. Marejesho yalibaki kwa miezi 14. Nakumbuka nilivyokuwa nakaa kwenye kochi lile nikilichukia.

Ndiyo maana nimeishika hati yako na kuisoma mstari kwa mstari. Sehemu kubwa ya ongezeko lako ni posho, si mshahara wa msingi. Posho ya cheo huondoka na cheo. Tena mahali pengi michango ya pensheni na malipo ya kuachishwa kazi hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo siku ya msukosuko utahesabiwa kwa kiwango kilicho chini ya maisha unayoishi. Muulize afisa utumishi wenu wanavyokokotoa, wiki hii.

Tufanye nini? Shule siigusi. Mama pia simgusi, ila mwambie yeye na ndugu kiasi kimoja kinachojulikana, kwa tarehe moja, ili maombi ya katikati ya mwezi yapate jibu bila wewe kujieleza kila mara. Nyumba ina mkataba, subirini umalizike ndipo mpime.

Gari ndilo naomba ulitazame bila huruma. Iombe benki ikuandikie salio la mkopo na gharama ya kulipa kabla ya muda, kisha ulinganishe na bei ambayo mnunuzi yuko tayari kuilipa leo. Kama bei inafunika salio, liuze. Najua linauma, majirani wameliona likiingia na wataliona likitoka. Lakini ukirudisha mafungu 28 kila mwezi, ukatumia 8 kwa usafiri na kuweka 20, baada ya miezi 6 akiba itakuwa 210 na matumizi 160. Zile siku 15 zitakuwa karibu 40. Kama bei haifuniki salio, lishike ulimalize, na kwa vyovyote usikubali wakuongezee mkopo mpya juu ya huo. Watakupigia simu na ofa hiyo, hasa ukipandishwa tena.

Na utapandishwa tena, kazi yako inaonyesha. Hapo ndipo nina tumaini kubwa zaidi. Mwaka 2004 wachumi wawili, Richard Thaler na Shlomo Benartzi, walitoa matokeo ya mpango waliowapa wafanyakazi: hukatwi chochote leo, unakubali tu mapema kwamba kila mshahara ukipanda, sehemu ya ongezeko itakwenda kwenye akiba. Waliojiunga walianza wakiweka asilimia 3.5 ya mshahara. Baada ya miezi 40 walikuwa wanaweka 13.6. Hawakuumia, kwa sababu fedha ile haikuwahi kuwafikia mkononi wakaizoea. Nawe fanya hivyo kabla ya barua ya kupandishwa haijaja. Nenda benki, weka agizo la kudumu, fedha ihame siku ile ile mshahara unapoingia, na ongezeko linalofuata ligawe nusu kwa nusu. Nusu ya pili ifurahieni, ni jasho lako, na sitaki uishi kama mtu anayeadhibiwa.

Usiku wa leo, watoto wakishalala, weka hati ya mshahara na daftari mezani, mume wako akae pembeni yako, asikae mbele yako kama hakimu. Anza na zile siku 15. Usianze na nani alitaka gari. Naye muulize: mshahara wake ukikatika, mtakaa siku ngapi? Katika barua yako yote hukuutaja mshahara wake hata mara moja, na sidhani ulisahau.

Mdogo wako umrudishie mshahara ukiingia, kabla ya deni lolote lingine. Mpelekee mwenyewe, usitume kwa simu. Kisha mweleze ulivyokwama, kwa tarakimu kama ulivyonieleza mimi, maana yeye bado anakuona dada aliyefika, na huenda mwakani na yeye akapata barua kama yako.