Taa za kaunta ya katikati ya jiko lenye dari ndefu

Dada, umeuliza ufunge taa gani juu ya kaunta ya katikati ya jiko lako hapo Shangani, Mtwara, ambako dari iko mita 4 kutoka sakafuni. Usitegemee balbu ya darini peke yake, kwa sababu umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga wake unaofika mezani hubaki kama robo tu. Ning'iniza taa mbili au tatu kwa waya mrefu, ncha zake za chini zikiwa sentimita 75 hadi 90 juu ya kaunta, ili ziangaze ubao wa kukatia bila kukuumiza macho wala kukuziba usimwone unayezungumza naye. Mimi nilikuwa na taa moja nyuma ya kichwa, na kila nilipopara samaki kivuli changu kiliangukia kisu. Balbu za LED za kelvini 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga; hapa ni mweupe wenye unjano kidogo) zinafaa.

Ninalolisisitiza zaidi ni hewa ya chumvi: minyororo ya chuma cha kawaida huota kutu mapema huku kwetu pwani, kwa hiyo chagua taa za shaba, kioo au ukindu, na fundi afunge ndoano kwenye boriti, si kwenye jipsamu.