Barua kwa mwanangu: Papa akimfuata mtoto kazini

Mwanangu,

Umeniuliza kama watu hawatanicheka nikiacha cherehani yangu hapa Kadutu, Bukavu, nije kufanya kazi kwako, kwenye duka lako la miwani pale Nyawera. Wacheke tu. John Dollond wa London alikuwa mfuma hariri, mtoto wa ukoo wa wakimbizi kutoka Ufaransa. Mwanawe Peter ndiye aliyefungua duka la vioo vya miwani na darubini mwaka 1750. Miaka miwili baadaye mzee akaacha kufuma, akaingia kwa mtoto.

Wala hakuingia kufagia. Chukua lenzi nene, ishike juu ya kitambaa cheupe chenye mstari mweusi, uchungulie karibu na ukingo. Mstari unaota rangi pembeni, buluu huku, manjano kule. Lenzi moja hupinda kila rangi kwa kiasi chake, na darubini za zamani ziliteswa sana na hilo. Dollond akaweka pamoja mbili: moja ya kioo cha kawaida, imetuna katikati, ya pili ya kioo chenye madini ya risasi, imebonyea. Rangi zinazotawanywa na ya kwanza, ya pili inazikusanya. Mwaka 1758 akapewa hataza, yaani haki ya kuwa yeye peke yake wa kutengeneza na kuuza lenzi hizo.

Hapo ndipo fitina ilipoanza. Mwanasheria mmoja, Chester Moor Hall, alikuwa ametengenezesha lenzi za namna hiyo miaka mingi kabla, akakaa kimya. Mzee Dollond alipofariki mwaka 1761, Peter akawashtaki mafundi wenzake waliotengeneza lenzi hizo bila ruhusa, na mahakama ikampa haki. Simpendi sana kwa hilo, ingawa sijui kama wewe ungefanya tofauti! Shemeji yake, Jesse Ramsden, alipata fungu la hataza kwa kuoa binti wa nyumba ile. Kwetu mkwe ndiye anayetoa mahari.

Baadaye duka likashikwa na George, mtoto wa dada yake Peter, aliyebadili hata jina akaitwa Dollond. Jina hilo lilidumu kwenye maduka ya miwani ya Uingereza hadi baada ya kampuni kuunganishwa mwaka 2009 na Boots, kampuni nyingine yenye maduka ya miwani.

Basi nitakuja, ila baada ya sare za shule; mwezi wa tisa siwezi kuwaacha wateja. Kabla ya hapo andika karatasi: duka ni lako, mimi nalipwa kila mwezi, na mume wako asome kabla hujatia sahihi. Dada yako mwambie wewe mwenyewe, asisikie sokoni.

Papa yako